Sura ya 6: Wakulima Utitiri

Kila nikizungumza na watu kuhusu Indonesia, swali moja hurudi. Wenzetu wale wana mvua ya kutosha, wana udongo wa volkano, mpunga wanavuna mara mbili kwa mwaka na pengine mara tatu. Mbona basi mabinti zao tunawakuta kwenye majumba ya Ghuba wakifua na kulea watoto wa watu, kama mabinti zetu?

Swali la pili huja polepole, aghalabu kutoka kwa mtu mwenye akiba kidogo aliyeona picha za majaruba ya kijani yaliyopandana mlimani kama ngazi: je, mgeni anaweza kupata kiwanja huko?

Maswali haya yanaonekana kutengana, lakini jibu lao linatoka shimo moja. Ukitaka kujua maisha ya kijiji cha Indonesia, usianze na bei ya ardhi. Anza kwa kuuliza ardhi iko mikononi mwa nani, na nani mwingine anakula humohumo bila jina lake kuandikwa popote.

Kwa msomaji wa Kiswahili safari hii ina wepesi wake. Biashara ya Bahari ya Hindi na dini ya Kiislamu viliacha maneno yaleyale pande zote mbili za maji. Wao husema *waris*, sisi mirathi na warithi. Wao *wakaf*, sisi wakfu. Wao *adat*, sisi ada. Umiliki kamili wa ardhi wanauita *hak milik*, na hapo hahitajiki mkalimani. Hata chakula tunakielewa namna moja. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Wao wana *padi* ikiwa shambani, *gabah* ikishapurwa, *beras* ikikobolewa na *nasi* ikiiva. Watu wenye maneno mengi hivyo kwa kitu kimoja, ujue kitu hicho kimewalea.

## Nusu hekta inalisha nyumba?

Waindonesia wana jina la mkulima mwenye ardhi isiyofika nusu hekta: *petani gurem*. *Gurem* ni wale wadudu wadogo mno wanaokaa kwenye kuku, ambao sisi tunawaita utitiri. Ni jina lenye uchungu, nalo linatumika hadi kwenye takwimu za serikali. Sensa ya kilimo ya 2013 ilihesabu kaya milioni 14 na kitu za wakulima utitiri. Ile ya 2023 ilikuta zinakaribia milioni 17, yaani kaya sita katika kila kumi za wakulima. Katika miaka kumi ya barabara mpya na simu mpya, wenye vishamba vidogo waliongezeka.

Nusu hekta, kwa kipimo chetu, ni ekari moja na robo hivi. Tupige hesabu. Wastani wa mavuno ya mpunga nchini humo ni kama tani 5 kwa hekta, hivyo nusu hekta itoe tani mbili na nusu. Januari 2025 serikali ilipanga kununua mpunga kwa rupia 6,500 kwa kilo. Msimu mmoja basi ni rupia milioni 16 na robo. Misimu miwili, milioni 32 na nusu. Hapo hujatoa mbolea, kukodi trekta, dawa, vibarua wa kupandikiza na vibarua wa kuvuna. Ukishatoa, unaweza kubaki na nusu ya fedha hiyo au chini yake, baada ya jasho la miezi minne ya kupambana na panya na wereng (mdudu anayenyonya bua la mpunga mpaka shamba likakauka kama lililochomwa).

Mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara Jakarta kilikuwa rupia milioni 5.4 kwa mwezi, karibu milioni 65 kwa mwaka. Miji ya Java ya Kati hulipa pungufu ya hapo sana, na Jakarta ni ghali. Hata hivyo kijana wa miaka ishirini anajua kuhesabu. Anaondoka akiwa ameshapiga hesabu hiyo, ingawa wazee wengi humwita mvivu anayeogopa tope. Mimi naona wanamwonea.

## Mzega na mbeleko

Shamba lilipataje kuwa dogo hivyo? Sehemu ya jibu ni wingi wa watu. Kisiwa cha Java kinaingia mara saba ndani ya Tanzania Bara, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 151 wakiishi juu yake. Sehemu nyingine ni mirathi, na hapa inafaa tukae kidogo.

Wajava wana msemo wa kugawa urithi: *sepikul segendong*. *Pikul* ni mzega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na mzigo huku. *Gendong* ni kubeba mgongoni kwa kitambaa, kama mbeleko. Mwanamume anabeba mizigo miwili kwa mzega, mwanamke anabeba mmoja mgongoni. Basi mtoto wa kiume apate mafungu mawili na wa kike moja. Ni hesabu ya sheria ya Kiislamu iliyovishwa nguo za shambani. Lakini familia nyingi hugawa sawa kwa sawa, na nyumba ya wazazi mara nyingi huachiwa kitinda mimba, kwa kuwa ndiye aliyebaki kuwatunza.

Tuchukue familia ya mfano. Babu ana hekta moja nzima ya jaruba, ambayo kwa Java ni utajiri. Ana watoto wanne, wanagawana sawa. Kila mmoja anapata robo hekta: hatua hamsini kwa hatua hamsini. Mmoja wao anazaa watatu. Kila mjukuu sasa ana kipande kikubwa kidogo tu kuliko boksi la hatari la uwanja wa mpira. Kinazungukwa na tuta la udongo ambalo nalo limekula sehemu yake. Maji yanapita kwanza kwa binamu ndipo yafike kwake. Hakuna trekta linalogeuka humo vizuri. Kwa kawaida ndugu wawili humwachia wa tatu alime yote, awape magunia wakati wa mavuno, na hati hubaki na jina la babu aliyefariki zamani.

Serikali mbalimbali zimejaribu kupunguza msongamano huu. Wakoloni wa Kiholanzi walianza mwaka 1905 kwa kuhamisha kaya 155 kutoka Kedu, Java, hadi Gedong Tataan kusini mwa Sumatra. Indonesia huru iliendeleza mpango huo kwa jina la *transmigrasi*, na katika utawala wa Rais Suharto familia nyingi ziliahidiwa hekta mbili Sumatra, Kalimantan au Sulawesi. Wapo walioneemeka, hasa waliokutana na michikichi. Wapo waliokabidhiwa kinamasi. Na mara nyingi ardhi iliyoandikwa kuwa tupu ilikuwa na wenyewe, watu waliolima kwa kuhamahama na kuacha msitu upumzike.

Ipo pia sheria ya kugawana upya. Mwaka 1960 Indonesia ilipitisha Sheria ya Msingi ya Ardhi, na ikafuatiwa na sheria za kuweka ukomo wa ukubwa wa mashamba na kumkataza mtu kumiliki shamba katika wilaya ndogo asikoishi. Nia ilikuwa mkulima awe karibu na jembe lake. Lakini ugawaji uligeuka ugomvi wa kisiasa vijijini, na mauaji ya 1965 na 1966 yaliyolenga wakomunisti na waliodhaniwa kuwa wenzao yalichukua mamia ya maelfu ya watu, wakiwemo wakulima wengi waliokuwa wamedai ardhi. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu aliyetamka kijijini habari ya kugawa ardhi alikuwa anajitafutia balaa. Sheria zilibaki kwenye vitabu, na matajiri wa mjini wakanunua majaruba kwa majina ya wengine.

## Jembe la mwingine

Kuna wanakijiji wengi wasio na hata kile kipande cha boksi la hatari. Hawa huishi kwa shamba la mtu. Njia kuu inaitwa *maro*, yaani kulima nusu kwa nusu: mwenye ardhi anachukua nusu ya mavuno, mlimaji nusu. Sheria nyingine ya 1960 inataka mkataba huu uandikwe mbele ya mkuu wa kijiji. Kwa kawaida unafungwa kwa mdomo, na gharama za mbolea mara nyingi humwangukia aliye dhaifu.

Njia nyingine ilikuwa *bawon*, fungu la mvunaji, na kisa chake kinaeleza mengi. Zamani mpunga wa Java ulivunwa na wanawake kwa *ani-ani*, kijisu kinachofichika kiganjani: ubao mdogo wenye wembe mbele na kijiti cha mwanzi cha kushikia. Unakata shuke moja moja. Kisu kilifichwa ili Dewi Sri, mwenye mpunga katika imani ya kale, asiogope. Kazi ilikwenda taratibu, mikono mingi ilihitajika, na kwa desturi mwanamke yeyote wa kijiji aliweza kuingia shambani kuvuna na kutoka na fungu lake. Mjane asiye na ardhi alikula.

Miaka ya 1970 ikaja mbegu mpya fupi na zinazokomaa upesi. Mavuno yakapanda, hadi mwaka 1984 nchi ikajitosheleza kwa mchele. Papo hapo wenye mashamba wakaanza kuuza mpunga ungali umesimama shambani kwa mfanyabiashara, jambo linaloitwa *tebasan*. Mfanyabiashara hana jamaa wala jirani pale kijijini. Alikuja na kundi lake la wanaume wenye mundu, wakamaliza kwa siku moja. Mwenye shamba hakulazimika kumfukuza mtu yeyote kwa mdomo wake. Alipokea fedha tu, na milango ya wale wanawake ikafungwa. Chakula cha taifa kiliongezeka, wakapoteza wale waliokuwa na haki isiyoandikwa. Nikisoma taarifa za ushindi wa kilimo, huwatafuta hao kwanza.

Kwa ufupi hadi hapa: shamba limekuwa dogo kwa wingi wa watu na kwa mirathi; ugawaji upya ulizimwa kwa damu; na asiye na ardhi amepoteza pia njia zake za zamani za kula kwenye ardhi ya jirani.

## Rehani, na fedha ya ng'ambo

Basi fedha inatoka wapi? Inatoka nje ya kijiji. Mama anakwenda Hong Kong, Taiwan, Malaysia au Saudi Arabia kwa kazi za ndani. Baba anakwenda kwenye ujenzi. Watoto wanabaki na bibi. Baada ya miaka michache nyumba ya mbao inabomolewa, inasimama ya matofali yenye nguzo na vigae vinavyong'aa. Kote Java utaona nyumba za namna hiyo zimepanga mstari, na ndani yake bibi anapika kwa kuni nyuma ya jiko la gesi lisilowashwa.

Fedha inayobaki hununua ardhi, na isipotosha kununua, huchukua shamba kwa *gadai*. Hii ni rehani, lakini iangalie vizuri, maana inatofautiana na ya benki. Mwenye shamba anapokea fedha, pengine dhahabu. Mkopeshaji analilima shamba na kula mavuno yote mpaka siku deni litakaporudishwa kamili. Mavuno hayapunguzi deni hata punje. Maskini aliyechukua fedha ya matibabu ya mtoto anaweza kukaa miaka kumi akilitazama shamba lake likilisha wengine, huku yeye ndiye kibarua humo. Ile sheria ya 1960 ya ukomo wa mashamba iliona dhuluma hiyo na kuamuru kwamba shamba lililokaa rehani miaka saba au zaidi lirudishwe bila malipo. Ni sheria nzuri kuliko nyingi ninazozijua. Lakini anayehitaji kukopa tena kesho hatampeleka jirani yake mahakamani leo.

## Ardhi isiyouzwa

Tuvuke sasa hadi Sumatra Magharibi, kwa Waminangkabau, Waislamu waliosimama imara ambao ukoo wao unahesabiwa kwa mama. Hapa kijiji kinaitwa *nagari*, na ardhi ya mababu, *harta pusaka tinggi*, inapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mjomba, *mamak*, ndiye msimamizi na msemaji, ila hana haki ya kuiuza. Mume anayeoa huhesabiwa mgeni wa heshima katika nyumba ya mkewe. Vitu alivyochuma mtu kwa jasho lake hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Ardhi ya mababu inabaki mkononi mwa ukoo. Wasomaji wa Pwani waliokulia karibu na shamba la wakfu wa ukoo hawatapata shida kuelewa.

Ardhi hiyo haiuzwi. Inaweza kuwekwa rehani tu, tena kwa sababu nne zinazotajwa na ada:

- maiti iko ndani ya nyumba na hakuna cha kumzikia;
- binti amekua na hakuna cha kumwozea;
- nyumba kubwa ya ukoo inavuja;
- heshima ya ukoo imezama na lazima iinuliwe, kama vile kumsimika kiongozi aliyekosekana kwa muda mrefu.

Ukiitazama orodha hii utaona inalinda nini. Hakuna humo mtaji wa biashara, wala karo, wala pikipiki. Vijana wa kiume, wasio na shamba la kurithi, huenda zao. Kuondoka huko kunaitwa *merantau* na ni sehemu ya kukua. Ndiyo maana karibu kila mji wa Indonesia una mkahawa wa chakula cha Padang. Anayefilisika huko mbali anajua dada zake bado wana jaruba.

Sitaki kuupamba mfumo huu kupita kiasi. Ugomvi wa wajomba na wapwa hauishi, na benki haipendi ardhi yenye wenyewe arobaini. Lakini kwa mwanamke aliyeachwa na mumewe, sijaona karatasi iliyompa ulinzi kama huo.

## Cheti kikipelekwa shule

Kwa miongo mingi mwanakijiji wa Java alithibitisha ardhi yake kwa *girik* au kwa nakala ya daftari la kijiji, yaani kumbukumbu za kodi tu. Mwaka 2015, kati ya vipande vya ardhi vinavyokadiriwa kuwa milioni 126, milioni 46 tu ndivyo vilikuwa na hati kamili. Hati zilitoka laki tano kwa mwaka. Rais Joko Widodo alikuwa akiwaambia watu kwamba kwa mwendo huo wangengoja miaka 160. Mwaka 2017 ukaanza mpango wa kupima kijiji kizima kwa mpigo, na mamilioni ya hati yakatolewa kila mwaka. Katika sherehe za kugawa, rais aliwataka watu wainue vyeti vyao juu, kisha akawaonya wapige hesabu vizuri kabla ya kuvipeleka benki.

Onyo lilikuwa na sababu. Wanakijiji wana msemo: cheti "kimepelekwa shule". Maana yake kiko benki kama dhamana ya mkopo, na kama mtoto wa shule, kinadaiwa karo kila mwezi. Hati humkinga mjane dhidi ya shemeji mwenye tamaa, nami naiunga mkono. Lakini shamba la nusu hekta lenye hati ni rahisi kununulika kuliko lile lenye jina la marehemu na warithi tisa. Mlango uleule unaoingiza mkopo ndio unaotolea shamba.

## Na mgeni je?

Jibu fupi: *hak milik* ni ya raia wa Indonesia peke yao. Mtanzania hatashangaa, kwani kwetu nako asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Anachoweza kupata mgeni ni hiki:

- *Hak pakai*, haki ya kutumia, kwa mwenye kibali cha kuishi nchini. Kwa nyumba ni miaka 30, huongezwa 20, kisha huweza kuhuishwa kwa 30.
- Kupanga kwa mkataba wa miaka kadhaa na mwenye ardhi.
- Kufungua kampuni inayoruhusiwa kuwekeza, ambayo hupewa haki ya kujenga au ya kulima kwa muda maalumu.

Dalali atakutajia njia ya nne: andika jina la rafiki Mwindonesia, nyinyi mfunge mkataba wa siri. Usikubali. Sheria inasema uhamisho wa namna hiyo ni batili, ardhi inaangukia kwa dola na fedha uliyolipa hairudi. Walio katika ndoa na raia wana jambo lao: bila mkataba wa kutenganisha mali, haki ya mwenzi Mwindonesia nayo hutiwa shaka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016, mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya harusi.

## Kopo la mchele

Kijiji chenyewe nacho ni mwenye ardhi. Java kuna *tanah bengkok*, majaruba ya kijiji wanayopewa viongozi walime badala ya mshahara au pamoja nao. Na tangu 2015, kwa Sheria ya Vijiji ya 2014, kila kijiji kati ya vijiji 75,000 hivi hupokea fedha moja kwa moja kutoka hazina ya taifa. Zimejenga mifereji na barabara, zimewapeleka wakuu wa vijiji kadhaa gerezani, na zimefanya uchaguzi wa kijiji uwe vita vya kweli.

Lakini ulinzi wa usiku bado unalipwa kwa njia ya kale. Katika vijiji vingi vya Java, kila nyumba hutundika kikopo au kipande cha mwanzi ukutani, mbele, penye mwanga. Jioni mwenye nyumba hutia humo ujazo wa kiganja wa mchele, au siku hizi sarafu ya rupia 500. Walinzi wa zamu, jirani kwa jirani, hupita usiku wakikusanya, wanaiita *jimpitan*. Kinachopatikana hununua taa ya njia, sanda, au viti vya kukodisha kwenye harusi. Kopo likikutwa tupu siku mbili tatu, mlinzi anagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Nyumba za vigae, ambazo wenyewe wako Hong Kong, nazo zina makopo. Jua likizama bibi anatoka, anatia mchele kwenye la kwake, kisha anavuka njia na kutia kwenye la mwanawe aliye safarini.